Mbeleko ya Kuazima

Walisema nitamwangusha mtoto siku ya kwanza ya kumwosha. Walisema uji wangu utakuwa kama gundi, kwa sababu karatasi ndiyo kitu pekee nilichojua kukitunza. Walisema mwanaume akiachwa nyumbani na mtoto mchanga, mmoja wao lazima ataharibika. Baba yangu mdogo, ndugu wa marehemu baba, alisema kwa sauti kuliko wote, tena kwenye matanga ya mke wangu, mbele ya watu waliotoka Kasongo na Lusangi kuja kunipa pole:

"Mutoto wa kaka yangu anafundisha watoto arobaini wa watu wengine, na wanamuogopa. Watatu wake watamushinda mbele ya mwezi kufa."

Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani. Mimi sikucheka. Nilisimama na kanzu yangu ya majonzi nikasema kwamba watoto wangu nitawalea mwenyewe, nyumbani mwangu, na kwamba atakayetaka kuona aje kuona.

Wajue wanaosoma haya kwamba aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Nilizaliwa katika kijiji hicho hicho, kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Baba alikufa nikiwa mdogo. Nilibeba mizigo ya wachuuzi ili nipate nguo ya kuvaa shuleni. Nilipanda mtumbwi, nikapanda treni, nikapanda boti, nikafika Stanleyville bila kumjua mtu hata mmoja, na nikarudi na diploma ya ualimu. Kabla yangu hakuna mwana wa kijiji kile aliyerudi na diploma. Niliitia kwenye kioo nikaitundika ukutani, na wazee walikuja kuitazama ingawa hawakuweza kuisoma. Mtu aliyefanya hayo yote hawezi kushindwa na uji.

Lakini kulikuwa na mama mkwe.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala kusemezana. Hawali pamoja, na mmoja haingii nyumba wakati mwingine yumo. Mkikutana njiani, unaacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na mimi na diploma yangu niliishika heshima hiyo. Kwa hiyo aliyoyataka mama mkwe yalinifikia kwa kinywa cha baba mdogo. Alisema mtoto aliyefiwa na mama hulelewa na bibi yake mpaka awe na nguvu za kubeba kibuyu cha maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwao Lusangi, na kwetu pia. Alitaka kuondoka na wote watatu siku ile ile: binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kama sita na maneno ya mtu mzima, mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu, na mdogo wao wa kike, ambaye bado alikuwa ananyonya.

Nilimwambia baba mdogo ampelekee jibu: watoto hawaondoki. Akaenda uani, akakaa huko muda mrefu, akarudi akijifuta jasho.

"Anasema mpaka wakati wa mpunga. Atakuja mwenyewe. Akikuta mumoja amekonda, ama analia bila mutu wa kumusikia, anabeba wote watatu, na maneno yameisha."

"Mwambie aje."

"Nimekwisha kumuambia utasema hivyo. Amesema wanaume wote wanasema 'aje'."

Hivyo nilipewa msimu mmoja wa mvua.

Jambo la kwanza lilikuwa maziwa. Ng'ambo ya njia aliishi mke wa fundi cherehani, Mwislamu, mama aliyejifungua mtoto wa kiume mwezi ule ule tuliopata binti yetu mdogo. Sisi tulikuwa watu wa misheni, wao watu wa msikiti, na tulikuwa tukiazimana chumvi na moto tangu nirudi. Asubuhi ya pili baada ya matanga alivuka njia bila kuitwa, akanyoosha mikono.

"Lete huyo. Kilio chake kinaamsha wangu."

Alimnyonyesha asubuhi kabla ya kengele ya shule, na jioni nilipotoka. Mchana nilimpa mtoto uji mwepesi wa unga wa mchele. Mwisho wa mwezi nilipopokea mshahara, nilifanya kama tulivyofanya Stanleyville, ambako hata maji ya kunywa yana mtu wa kulipwa. Nilifunga faranga kadhaa kwenye kitambaa pamoja na mche wa sabuni, nikampelekea. Alikipokea. Kesho yake nikakuta kitambaa kile kiko kizingitini mwangu, sabuni ikiwa juu, na yeye hakuvuka njia. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mke wa baba mdogo ndiye aliyenieleza, huku akitwanga.

"Umemulipa kama mutu wa dukani, baba. Kitu mutu anaazimisha mutoto hakilipwi na faranga. Kinalipwa kwa mutoto. Nenda na huyo mutoto, acha mufuko."

Nikaenda, mtoto begani. Jirani alikuwa ameketi kwenye mkeka, wake ananyonya.

"Umekuja na mutoto ama umekuja na duka?"

"Nimekuja na mtoto, mama."

"Basi lete." Akamweka upande wa pili wa kifua, wote wawili wakanyonya pamoja. "Huyu na wangu sasa ni ndugu. Wakikua hawawezi kuoana. Mutu analipwa faranga kwa kunyonyesha ndugu ya mutoto wake? Siku yako itafika, mwalimu. Utalipa na mgongo."

Niliyaweka maneno yale. Tangu siku ile nilijua ninadaiwa, na nilijua deni ni la namna gani. Nilidaiwa maziwa na jirani. Nilidaiwa na mjane mmoja mzee aliyekaa karibu na shule, aliyemweka mwanangu wa kiume kwake kila asubuhi pamoja na mjukuu wake wa umri ule ule, huku akichambua karanga. Na nilidaiwa mbeleko na mke wa baba mdogo.

Mbeleko ile ilikuwa kitambaa kizito, rangi yake imekwisha, kilichokuwa kimewabeba wanawe wote. Alinipa, yeye akibaki na kitenge kimoja cha kumbebea kitinda mimba wake, kwa sababu kitambaa cha mke wangu tulimzika nacho. Alinifundisha uani, mumewe akitazama na kutikisa kichwa. Naandika hapa jinsi ya kufunga, maana vijana wengi wanaona aibu kuuliza. Inama mpaka mgongo wako uwe kama meza. Mtoto alale juu yake kifudifudi, mikono yake mabegani mwako. Kitambaa kipite chini ya matako yake, si chini ya mapaja, na magoti yake yapanuke yakukumbatie kiunoni. Pindo la juu lipite chini ya makwapa yake, livutwe kwa nguvu na lifungwe kifuani pako. Ukisimama na mtoto akashuka, hukufunga. Ukisimama naye akanyamaza, umefunga. Mimi nilifunga sawasawa mara ya tatu.

Mchana, ambapo hapakuwa na wa kumshika, nilimbeba hivyo mpaka darasani. Siku ya kwanza wavulana wa kalasi ya tatu walijibanza nyuma ya vibao vyao kuficha kicheko. Njiani baba mdogo alinikuta na rafiki zake wa pombe.

"Tazameni," akawaambia. "Mwalimu amezaa."

"Nimezaa watatu, baba," nikamjibu. "Na wewe ulizaa wangapi bila kubeba hata mmoja?"

Rafiki zake walimcheka yeye. Sikusimama kusikiliza zaidi, nilikuwa na hesabu za kufundisha. Na nitasema jambo ambalo walimu wenzangu hawakuliamini: kalasi ile ilijifunza kunyamaza kuliko zote, maana kila mtoto alijua kwamba akipiga kelele, mdogo ataamka, na akiamka hakuna hadithi ya mwisho wa somo. Padri aliyekuja kukagua shule aliinua nyusi alipouona mgongo wangu. Kisha akawasikia wakisoma, akashusha nyusi.

Niliyojifunza miezi ile sikuyakuta katika kitabu chochote cha Stanleyville, nami nayatoa bure.

Kilio si kimoja. Kilio cha njaa kinapanda polepole na mtoto anageuza kinywa kutafuta. Kilio cha usingizi kinakatika katikati na kuanza tena, naye anasugua masikio. Kilio cha tumbo kinakuja ghafla, miguu ikiwa imekunjwa. Baba anayempa uji mtoto mwenye tumbo anajitafutia usiku mrefu. Kaa kimya kwanza, sikiliza, ndipo ufanye. Wanaume wengi hukimbilia kufanya.

Uji wa mtoto uwe mwepesi mwezi wa kwanza, upite kwenye kichujio chenye matundu madogo. Baadaye utie karanga zilizotwangwa mpaka zitoe mafuta, na tone la mawese, na siku ukiwa na samaki mkavu, mtwange mpaka awe vumbi. Usipime moto wa uji kwa kuupuliza na kuonja kwa ulimi, ulimi wa mtu mzima umezoea. Uguse kwa ngozi ya ndani ya mkono. Maji ya kunywa nilichemsha, ingawa walisema nayapotezea ladha.

Mwanangu wa kiume alianza kukojoa kitandani mama yake alipokufa. Desturi ya kijiji ilikuwa kumtwika mtoto wa namna hiyo mkeka wake kichwani asubuhi, na wenziwe wamzungushe nyumba kwa nyumba wakimwimbia. Walikuja. Nilisimama mlangoni nikawaambia mkeka huu nimeukojolea mimi, wanizungushe mimi. Wakakimbia. Nikamwamsha kila mara nilipoamka kumgeuza mdogo wake, nikamtoa nje akiwa na usingizi, nikamrudisha, sikusema lolote asubuhi. Mvua zilipokolea, mkeka ulikuwa mkavu.

Msimtishe mtoto kwa chui, wala kwa wanga, na zaidi ya yote msimtishe kwa Mzungu wa sindano. Wamama wa kwetu walisema kila jioni, "Lala, ama Mzungu atakuchoma." Siku ya chanjo watoto wao walipotelea kwenye migomba na polisi wakawafuata. Wangu walisimama kwenye mstari. Binti yangu alimpa daktari mkono wa kushoto, akamwambia kwa Kifaransa nilichomfundisha kwamba mkono wa kulia ndio anaoandikia.

Na fimbo: ilibaki shuleni. Nyumbani nilitumia kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaponyakua, mpe kikapu chake kidogo cha kubeba. Mpe neno moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia, "Njoo, funga mlango, lete kisu, usimguse mbuzi," amesikia mbuzi peke yake. Na ukimwambia utarudi kabla jua halijashuka, rudi kabla jua halijashuka, hata kama umeacha mjadala wa wazee katikati. Nimeacha mijadala mingi.

Mpunga ukaanza kugeuka rangi. Wakati wa Wabelgiji kila nyumba ilikuwa na shamba lake la mpunga la lazima, na kila shamba lilikuwa limeandikwa. Tulivuna kwa kisu kidogo, suke moja moja, kazi inayotaka mikono miwili na mgongo ulioinama, na mtoto mgongoni anainamishwa naye juani mpaka jioni. Shule ilikuwa imefungwa kwa Noeli na mavuno. Mama mkwe alikuwa hajatokea bado, na kila jioni nilitazama barabara ya Kabambare.

Ndipo kapita, msimamizi wa mnunuzi wa mpunga, akapita na baiskeli akatangaza kwamba kamyo, lori la mpunga, haitakuja wiki ijayo. Itakuja kesho kutwa alfajiri. Mpunga usiokuwa barabarani utabebwa kwa vichwa mpaka Kasongo. Wanawake walianza kusema wote kwa wakati mmoja. Mke wa fundi alikuwa na mtoto wa maziwa. Mjane alikuwa na mjukuu. Mke wa baba mdogo alikuwa na kitinda mimba aliyeachishwa ziwa juzi, ambaye hakukubali kuwekwa chini. Na wengine, kila mmoja na wake.

Nikaenda kisimani walikokuwa, mtoto mgongoni.

"Kesho kila mtoto asiyeweza kushika kisu aletwe kwangu. Nendeni wote shambani, migongo mitupu."

Kisima kizima kikacheka.

"Mwalimu, unafungua shule ya wanyonyaji?"

"Na atawanyonyesha nini? Chaki?"

Mke wa fundi hakucheka. Alinitazama, akaweka mtungi kichwani.

"Wangu nitamuleta wa kwanza," akasema. "Nilimuambia siku yake itafika."

Walikuja na umande. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, na wengine walikuja wakilia kabla hawajaniona. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana. Nilitandika mikeka yote barazani, nikaweka wale wa kutambaa katikati na wale wa kutembea kando, kila mmoja na kikapu na karanga za kuhesabu kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Sufuria mbili za uji zilikuwa zinapoa. Kibuyu cha maji yaliyochemshwa kilitundikwa mahali ambapo hakuna mkono mfupi wa kukifikia. Binti yangu nilimpa kazi ya kuniambia nani amelowa. Hakunificha hata mmoja.

Jua lilikuwa limepanda, mgongoni nimembeba wangu na kifuani ndugu yake wa maziwa, maana hakutaka kulala chini, pale binti yangu alipokuja kutoka nyuma ya nyumba akikimbia.

"Baba. Bibi iko jikoni."

Jiko letu lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, ukuta wake wa matete, umbali wa hatua chache na baraza. Mama mkwe alikuwa ametembea kutoka Lusangi na wachuuzi wa samaki wakavu. Alipita nyuma kwa heshima, akasikia niko mbele, akakaa jikoni. Hakuweza kuja nilipo. Mimi sikuweza kuingia alipo. Kijiji kizima kilikuwa shambani, hapakuwa na mtu mzima wa kupeleka maneno. Alikuwepo binti yangu tu.

"Anasema 'jambo', na anauliza nani amekufa, watoto wote hawa wanafanya nini."

"Mwambie hakuna aliyekufa. Mama zao wanavuna mpunga."

Akaenda, akarudi.

"Anauliza wanawake wa kuwalinda wako wapi."

"Mwambie ni mimi."

Alikawia kidogo safari hii.

"Amesema nini?"

"Amesema 'mm'."

"Ulimwambia vipi?"

"Nilimuambia baba ndiye mama yao wa leo."

Nilimpelekea uji na maji kwa mkono wa binti, na mkeka wa kulalia baada ya safari. Mkeka ulirudi. Alisema hakuja kulala. Basi nikajua kwamba ameketi upande wa pili wa matete na masikio yake, na kwamba kila kilio cha siku ile kinaandikwa mahali. Alisema akikuta mtoto analia bila mtu wa kumsikia. Nami nilikuwa na kijiji kizima cha watoto wa kulia.

Lakini nilifanya kama nilivyofanya miezi yote. Anayelia kwa njaa alipata uji kabla hajafika juu ya kilio. Anayelia kwa usingizi nilimpeleka upande wa kivuli, nikamwimbia wimbo ule ule mmoja, maana mtoto hataki wimbo mzuri, anataka ule wa jana. Kitinda mimba wa baba mdogo alikataa kila kitu mpaka nilipompa kazi ya kulinda viatu vyangu, akakaa juu yake kama polisi. Mchana ulipofika, wengi walikuwa wamelala.

Ndipo mjukuu wa mjane akaja kwangu, akikoroma kwa pua moja, macho yamejaa machozi. Mwanangu alikuja nyuma yake.

"Ameingiza karanga," akasema. "Nilimuambia isiingie huko."

Nikamwinua uso kwenye mwanga nikaiona, iko juu, imeanza kuvimba kwa unyevu. Akaanza kupiga kelele. Kelele ile haikuwa ya njaa wala ya usingizi, na nyuma ya matete nikasikia mtu amesimama. Matete yalilia alipoyashika. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanatia kidole, au kijiti, na karanga inakwenda ndani zaidi. Mimi nilimwona mama yangu akifanya kwa mdogo wangu, zamani, kabla ya shule yoyote. Niliwaweka chini watoto wa maziwa. Nilimpakata mjukuu yule, nikamwambia tunacheza kubusiana kama wageni wa Ulaya. Nikaziba kwa kidole tundu la pua lililo wazi, nikaweka kinywa changu juu ya kinywa chake, nikapuliza mara moja, kwa ghafla, kama mtu anayezima taa.

Karanga iliruka ikanipiga shavuni.

Mtoto alinyamaza kwa mshangao. Kisha mwanangu akacheka, naye akacheka, na walioamshwa na kelele wakacheka bila kujua sababu. Na katikati ya kicheko hicho nikaisikia sauti ya mama mkwe mwenyewe, bila binti yangu katikati, ikipita kwenye matete:

"Imetoka?"

Niligeuza uso ukutani.

"Imetoka, mama."

Hayo ndiyo maneno pekee tuliyosemezana moja kwa moja, mimi na yeye, mpaka alipofariki.

Wanawake walirudi jua limeinama, vichwa vimejaa mpunga, miguu ina matope. Walikuja wakiwa tayari kusikia vilio tangu njiani, na kwa sababu hawakuvisikia walianza kukimbia, nikawasikia wakikimbia. Walikuta watoto wameoshwa, wamekaa kwenye mikeka wanahesabu karanga zilizochemshwa na maganda yake, maana zile zilizomenywa nilikuwa nimeziondoa. Mjane aliambiwa habari ya pua na mjukuu mwenyewe, aliyemwonyesha kwa kumpulizia usoni. Mke wa baba mdogo alimkuta wake bado juu ya viatu vyangu. Mke wa fundi alimfungua mwanawe kifuani pangu akamnusa shingoni, kama wafanyavyo.

"Hajalia?"

"Amelia. Nikamsikia."

"Basi, mwalimu, umelipa," akasema. "Lakini usifikiri ni mwisho. Ndugu zake hawaishi."

Nilisimama barazani mtu mmoja mrefu kuliko nilivyoamka. Lakini jikoni kulikuwa kimya. Mama mkwe alikuwa ametoka nyuma kwenda kulala kwa baba mdogo, kama desturi inavyotaka. Binti yangu alikuja kutoka huko akibeba kitambaa kilichokunjwa mikononi mwake kama Biblia.

Kilikuwa kikwembe kipya, buluu, bado kina harufu ya duka. Nilikijua ni cha nini kabla sijaambiwa. Alikinunua Kabambare ili kumfunga mjukuu wake mdogo mgongoni na kumpeleka Lusangi.

"Bibi anasema ile ya kwako imechakaa," binti yangu akasema. "Anasema ufunge na hii. Na anasema kesho anarudi na watu wa samaki, peke yake."

"Amesema peke yake?"

"Mara mbili. Mimi nilimuuliza."

Niliifungua mbeleko ya kuazima kifuani pangu. Niliifua pale pale kwa mche ule wa sabuni uliokuwa umerudishwa kizingitini, maana sikuwahi kuutumia. Niliianika juu ya jiko mpaka mvuke ukapungua. Nikamfunga binti yangu mdogo kwa kikwembe cha bibi yake, nikamshika kaka yake mkono, binti mkubwa akatangulia, tukaenda kwa baba mdogo.

Mama mkwe alikuwa ndani, kwa hiyo sikupita mlango. Nilisimama uani. Mke wa baba mdogo aliipokea mbeleko, akaibonyeza kwa vidole.

"Bado mbichi, baba. Ungengoja kesho."

"Sikutaka ilale kwangu tena."

Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda chake kando ya moto, na matope ya mpunga hayajamtoka miguuni. Alitazama kitambaa kile, akanitazama mimi, akatazama kichwa kilichojitokeza begani kwangu.

"Sasa unadaiwa na nani hapa kijijini?"

"Sidaiwi na mtu."

Akasogea kwenye kigoda, akaacha nafasi, ingawa kigoda kile kilikuwa cha mtu mmoja.

"Geuka," akasema. "Nimuone huyo asiyeanguka."

Nikageuka.